Rogue One au Solo? Steringi anayeweza kufa na steringi asiyekufa

Kwenye kibanda umiza nilikokulia, sheria ya filamu ilikuwa moja na haikuhitaji kuandikwa ukutani: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatumbukia mtoni na gari lake, mtanyamaza dakika mbili, halafu mkono unatokeza majini na kibanda kizima kinalipuka kwa kelele. Aliyelipa kiingilio alikuwa amelipia na uhakika huo.

Sheria hiyo hunijia kila ninapoulizwa swali hili. Mtu ana jioni moja. Anataka kuionja Star Wars, zile filamu za vita vya anga za mbali, bila kujifunga na msururu mzima wa filamu zake, na amesikia kuna mbili za pembeni zinazosimama zenyewe. Aanze na ipi: Rogue One ya 2016 au Solo ya 2018? Zote zimetoka Lucasfilm, baada ya Disney kuinunua kampuni hiyo mwaka 2012. Urefu wake unakaribiana, dakika 133 na dakika 135. Zote zinasimulia yaliyotokea kabla ya filamu ya kwanza kabisa, ile ya 1977. Ukisoma maelezo ya nyuma ya kasha utadhani ni mapacha.

Si mapacha hata kidogo, na kinachozitenganisha ni ile sheria ya kibanda.

Solo ni ujana wa Han Solo, yule mfanya magendo mwenye mdomo mrefu aliyeigizwa na Harrison Ford. Ukishajua hivyo, umeshajua kwamba hafi. Lazima afike 1977 akiwa mzima, akae kwenye meza ya kilabu cha pombe na ajitape mbele ya wageni. Wakimfyatulia risasi mia, wewe endelea kula karanga zako.

Rogue One imeanzia pengine. Ile ya 1977 hufunguka kwa maandishi yanayopanda kuelekea juu, na humo imo habari kwamba majasusi wa waasi wamefanikiwa kuiba michoro ya silaha kuu ya Dola, ule utawala wa kimabavu wanaoupiga vita; silaha yenyewe inaitwa Death Star. Wameiba vipi, na ni akina nani hao, filamu zilizofuata hazikusema. Hakuna hata mmoja wao aliyetajwa wala kuonekana tena. Aliyeliona pengo hilo akaenda kulipigia debe ni John Knoll, ambaye kazi yake wala si kuandika filamu. Ni fundi wa picha za kompyuta, na ndiye yeye na kaka yake Thomas walioitengeneza Photoshop, ile programu inayosafisha sura zetu kwenye studio za picha za pasipoti. Kutokana na mistari michache ya maandishi akapata filamu nzima, iliyojaa watu ambao hujui hatima yao. Sitakuambia nani anabaki na nani anaondoka. Nasema tu kwamba hapa karanga zitakaa mkononi bila kuliwa.

Viraka viwili

Mahali pazuri pa kuzilinganisha ni pale zinapofanya kazi ileile. Zote mbili zimekuja kuziba matundu ya filamu kongwe, na namna kila moja inavyoziba inaeleza karibu kila kitu kuihusu.

Kwa karibu miaka 40 watu waliicheka ile ya 1977 kwa jambo moja. Dola inajenga kituo cha vita kikubwa kama mwezi mdogo, kinachoweza kulipua sayari nzima kwa pigo moja, halafu inaacha tundu la upana wa mita 2 ambalo kombora likiingia, kila kitu kinateketea. Mhandisi gani huyo? Rogue One imelichukua swali la mzaha na kulijibu bila mzaha: mhandisi aliyefanya hivyo makusudi. Jina lake ni Galen Erso, ameigizwa na Mads Mikkelsen. Alikuwa amejificha shambani na mkewe na binti yao mdogo. Dola ikamfuata, mke akauawa, binti akatoweka, naye akapelekwa kujenga kitu anachokichukia. Akaona kwamba akikataa watampata mwingine. Basi akakubali, akatulia, akawa mtumishi mtiifu kwa miaka, huku akiufukia udhaifu mmoja ndani kabisa ya kazi yake. Binti yule ni Jyn, ndiye steringi wetu, ameigizwa na Felicity Jones. Ukirudi kuitazama ile ya 1977 baada ya hapo, tundu lile halichekeshi tena. Unaona kisasi cha baba.

Sasa tundu la upande wa pili. Mwaka 1977 Han alijigamba kwamba chombo chake, Millennium Falcon, kilikimbia njia ya Kessel kwa chini ya parseki 12. Wanaojua mambo ya nyota wakashika matumbo, maana parseki ni kipimo cha umbali, kama miaka 3.26 ya mwanga, na si cha muda. Ni kama dereva wa basi ajisifu kwamba ametoka Dar akafika Morogoro kwa kilomita 120. Solo imekuja na jibu: naam, alipunguza umbali! Alikata njia ya mkato katikati ya wingu la anga lenye shimo linalomeza kila kinachokaribia, na dude kubwa lenye mikono kama ya pweza likimkimbiza nyuma. Tukio lenyewe limepigwa vizuri, na nililitazama mara mbili. Lakini utamu wa maneno yale ya zamani ulikuwa kwamba hatukujua kama jamaa anadanganya. Muongo wa kijiweni ukishamthibitishia kwamba alisema kweli, umemnyang'anya nusu ya uchangamfu wake.

Na Solo haikuishia kwenye kiraka kimoja. Inakueleza alikopata bastola yake, alivyokutana na Chewbacca, yule rafiki yake mrefu mwenye manyoya, alivyokipata chombo, hata jina lake la pili lilivyopatikana: ofisa wa kuandikisha askari wa Dola anamuuliza ukoo, kijana hana, basi anabandikwa Solo kwa kuwa yuko peke yake. Mengi ya hayo yanatukia ndani ya muda mfupi mno, kama mtu aliyepata cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva, gari na rafiki wa maisha katika wiki moja. Kuna wanaofurahia kila kimoja kinapotokea na kunyoosha kidole kwenye skrini. Mimi jina lile lilinichosha. Si kila kitu kwenye maisha ya mtu kina kisa.

Watu wa kukaa nao saa mbili

Lakini kama unachagua filamu kwa ajili ya watu, ngoma inageuka, na hapa Solo inastahili sifa ambazo wengi wameinyima.

Jyn Erso ana huzuni ya kutosha ila hana ucheshi, na katikati ya filamu kuna hotuba yake mbele ya viongozi wa waasi ambayo ingeweza kutolewa na yeyote. Wanaombeba ni wenzake. Diego Luna ni Cassian Andor, jasusi ambaye dakika chache tu baada ya kumwona anafanya kitendo ambacho steringi wa kibanda chetu asingekifanya kamwe. Hapo ndipo unajua waasi wa filamu hii wana damu mikononi. Donnie Yen, ambaye wapenzi wa kung fu hawahitaji kutambulishwa, ni kipofu mwenye fimbo anayetembea katikati ya risasi akirudia maneno yaleyale ya imani yake kama mtu anayevuta uradi. Pembeni yake yuko Jiang Wen, rafiki aliyebeba bunduki kubwa na imani ndogo. Wawili hao wana mazungumzo machache, lakini ningelipa kiingilio kwa ajili yao peke yao. Roboti K-2SO, sauti na mwendo wa Alan Tudyk, alikuwa wa Dola akabadilishwa kichwa, na kimebaki kimoja hawakuweza kukibadilisha: hajui kuficha anachokifikiri.

Forest Whitaker naye yumo, kama Saw Gerrera, muasi mwenye msimamo mkali kiasi kwamba waasi wenzake wamemkimbia. Huku kwetu tunamkumbuka zaidi kama Idi Amin wa mwaka 2006, filamu iliyopigwa Uganda kwenyewe na kumpa Oscar. Hapa ana muda mfupi, anahema kwa mashine, na ana kijidude cha kusoma mawazo ambacho mpaka leo sielewi kwa nini hawakukikata.

Solo, kwa upande wake, ina watu unaotamani kula nao. Alden Ehrenreich alipewa mzigo wa kuigiza ujana wa mtu ambaye dunia nzima inaijua sura yake, na hakujaribu kumwiga Ford. Ana tabasamu la kijana anayejiona mjanja kabla hajawa mjanja, na kwa hadithi hii ndilo lililohitajika. Woody Harrelson ni mwalimu wake wa wizi, mwenye somo moja tu: usimwamini mtu. Emilia Clarke ni mpenzi wa zamani ambaye kila akijibu swali unabaki na maswali mawili.

Na Donald Glover. Huyu ni Lando Calrissian, mcheza karata mwenye kabati zima la makoti ya mabegani, na kila anapoingia filamu nzima inanyooka mgongo. Meza ya karata baina yake na Han ina raha kuliko mapigano yote ya filamu hiyo. (Lando huyuhuyu, kwenye filamu ya 1983, alirusha chombo akiwa na msaidizi mwenye mashavu ya kuning'inia aitwaye Nien Nunb. Sauti ya msaidizi ni ya Mkenya Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Marekani, na lugha ya sayari za mbali anayozungumza ni Kikuyu. Watazamaji wa Kenya walielewa bila maandishi ya chini. Nashangaa kwamba bado kuna Mwafrika Mashariki anayeshabikia filamu hizi na hajui hilo.)

Kwa adui, hata hivyo, sina shaka. Adui wa Solo, Dryden Vos wa Paul Bettany, ana michirizi usoni, ana jahazi la kifahari, ana hasira. Tumeshamwona mara nyingi. Adui wa Rogue One ni mtumishi wa umma. Mkurugenzi Krennic, Ben Mendelsohn akiwa na joho jeupe, anasimamia mradi uliochelewa, anahofia ukaguzi, anatafuta kuonana na wakubwa, na kazi ikikamilika bosi wake anakuja kuchukua sifa zote. Kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha tathmini ya mradi anamjua mtu huyu. Anaua watu kwa ajili ya kupandishwa cheo, na cheo hakiji.

Jicho

Hili ni la kawaida lakini linaweza kukuharibia jioni: Solo ni ya giza. Bradford Young, aliyeipiga picha, anapenda mwanga hafifu, rangi ya udongo na moshi. Kwenye ukumbi wa sinema inapendeza. Vita ya matopeni kwenye sayari ya Mimban inanuka unyevu. Kwenye televisheni ya sebuleni saa tisa alasiri, dirisha likiwa wazi, utakuwa unaangalia uso wako mwenyewe kwenye kioo. Ukiichagua, subiri usiku uingie, zima taa, na simu usiitumie kabisa. Ngoja tu ufike kwenye wizi wa treni katika milima ya theluji, uliopigwa kwenye Dolomites za Italia, hapo filamu inapumua na kila mtu ataona.

Rogue One ina macho mengine. Gareth Edwards, mwongozaji wake, ana kipaji cha kukuonyesha ukubwa. Kile kituo cha Death Star kinachomoza nyuma ya upeo kama mwezi uliokosea njia, na chini yake mji mtakatifu uliopigwa kwenye jangwa la Wadi Rum, Jordan. Theluthi ya mwisho iko ufukweni, minazi na maji ya samawati, sehemu yake ikiwa imepigwa kisiwani Maldives. Mtu wa pwani atajisikia yuko nyumbani, mpaka mashine zenye miguu minne zitakapotokeza nyuma ya minazi.

Ina dosari yake ya macho pia. Peter Cushing, aliyemwigiza gavana Tarkin mwaka 1977, alifariki 1994, na hapa amerudishwa kwa kompyuta juu ya uso wa mwigizaji mwingine. Wengine hawaoni tatizo. Mimi naona macho yasiyo na mtu ndani, na kila akitokea nakumbuka kwamba natazama filamu.

Misukosuko ya kiwandani

Utasikia watu wakisema Solo ni mbaya kwa sababu waongozaji walifukuzwa. Ni kweli Phil Lord na Christopher Miller waliondolewa Juni 2017, kazi ikiwa imefika mbali, na Ron Howard akaitwa kumalizia na kurudia sehemu kubwa. Lakini na Rogue One ilirekebishwa sana mwishoni, Tony Gilroy akiisimamia kazi hiyo, kiasi kwamba kwenye matangazo yake ya mwanzo kuna picha ambazo ndani ya filamu hazimo. Michael Giacchino aliletwa kuandika muziki zikiwa zimebaki wiki chache. Kwa hiyo kigezo hicho kitupe.

Kitupe na cha pesa. Rogue One ilivuka dola bilioni 1 duniani. Solo ilipata karibu dola milioni 393, na kwa gharama zake hiyo ilikuwa hasara. Ila ilitolewa Mei 2018, miezi mitano tu baada ya filamu nyingine ya Star Wars na majuma machache baada ya Avengers: Infinity War. Watu walikuwa wameshiba.

Nani achague ipi

Kama nyumbani kuna watoto wa miaka kumi na kitu, chagua Solo bila kufikiri mara mbili. Kuna kukimbizana, kuna treni, kuna Chewbacca, kuna roboti jike aitwaye L3-37 anayedai haki za roboti wenzake kwa ukali wa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Mtoto atalala vizuri. Rogue One niliwahi kuiweka mbele ya mpwa wangu wa miaka tisa, na saa tano usiku nilikuwa bado najibu maswali ambayo mjomba hakujiandaa nayo.

Kama hujawahi kuona Star Wars yoyote, utadhani Solo ndiyo nyepesi kwako. Mwanzo ni kweli: inaanza na kijana, msichana na gari la wizi, na huhitaji kujua kitu. Lakini karibu na mwisho anatokea mtu mmoja ambaye, kwa aliyeona filamu ya Star Wars ya 1999 peke yake, alishakatwa vipande viwili akafa. Kumwelewa kunahitaji uwe umefuatilia mfululizo wa katuni. Isitoshe, mlango ulioachwa wazi pale ulikuwa wa filamu ya pili, na filamu hiyo haikuja. Rogue One ni kinyume chake: nusu saa ya kwanza inakurusha sayari moja hadi nyingine, majina yakiandikwa chini ya picha, nawe utapotea kidogo. Usiogope. Kufikia katikati nyuzi zinakutana, na mwisho hauhitaji maelezo ya mtu yeyote.

Kama wewe ni mpenzi wa filamu za vita au za majasusi na huzipendi kabisa hizi za anga, Rogue One. Haina shujaa wa upanga wa mwanga wa kuwaokoa watu. Ina askari wa miguu wenye hofu. Ukiipenda, una safari ndefu ya kuendelea nayo, kwani Tony Gilroy alirudi kutengeneza tamthilia ya Andor, vipindi 24 vilivyotoka 2022 na 2025, kuhusu miaka mitano ya Cassian kabla ya filamu hii. Wapo wanaoshauri uanze na tamthilia. Mimi nasema anza na filamu, kwa sababu ukishakaa na Cassian vipindi vyote hivyo, Jyn atakuwa mgeni kwenye filamu yake mwenyewe.

Na kama umechoka, wiki imekuwa ndefu, unataka tu watu wazuri wanaotaniana na kuibiana, usiruhusu mtu akuaibishe: weka Solo, ruka maswali, msubiri Lando.

Mimi nikiachiwa rimoti naweka Rogue One. Inakatika palepale ile ya 1977 inapoanzia, chombo kikikimbia na michoro ikiwa ndani, kwa hiyo usizime. Weka hiyo ya 1977 papo hapo, dakika 121 nyingine. Jumla ni dakika 254: ukianza saa mbili usiku utamaliza saa sita na robo. Chemsha chai mapema, maana katikati hakuna pa kusimama.